Filimbi za Walter na Ujumbe Nilioukalia

Mgeni wetu wa heshima, Mchungaji Elkanah Nyang'au. Bwana Cyrus Ombati, mwenyekiti wa umoja wetu wa Wakenya wa Minneapolis na Saint Paul. Wenyeji wetu, Mzee Walter Dooley na mama wa nyumba hii, Bi. Lois, shemeji yangu Dinah, ambaye siku ya leo ni yake, mke wangu Susan, na ninyi ndugu, marafiki na majirani ambao mlitoka shifti zenu mkaacha kulala ili mje kusimama kwenye ua huu: nawasalimu nyote, na wale waliokosa viti nawaomba radhi kwa niaba ya familia.

Kabla sijaendelea naomba nimsemeshe Kendi. Kendi, umewekwa hapo katikati ya Walter na Lois ili uwatafsirie. Nimekusikia wakati Mchungaji akizungumza, na nimeona kwamba pale alipokwenda mrefu wewe ulikwenda mfupi. Kwangu usifanye hivyo. Lolote nitakalolisema, liwe zuri au liwe baya, wape kama lilivyo. Mimi nitakwenda polepole.

Ndugu zangu, ratiba mliyoishika inasema, "Naftali Ondieki, neno la familia." Mlitarajia nisimame hapa niwashukuru wapishi, nimsifu Dinah kwa bidii yake, niketi. Wapishi nawashukuru. Dinah nitamsifu. Lakini Dinah mwenyewe alinipigia simu siku kumi zilizopita akanipa kazi nyingine. Alisema, "Watu wamesikia nusu kwa Susan na nusu kwa Kendi. Jumapili ile utasimama uwaambie wewe." Nikamwuliza, "Yote?" Akasema, "Kwani mimi ulinifanyia nusu?" Akakata simu.

Basi nisikilizeni.

Tumekuja kufungua karakana. Ile gereji mnayoiona nyuma yangu, yenye mlango uliopakwa rangi juzi, ndimo Walter Dooley alimotengeneza filimbi za bati kwa mikono yake tangu alipostaafu, na kuanzia leo ndimo Dinah atakamozitengeneza, siku ambazo hayuko wodini. Kibao kilicho juu ya mlango, chenye jina lake na la Walter, kinasema, "Dooley na Nyaboke, Filimbi za Bati." Kilipigiliwa misumari Alhamisi. Tangu Alhamisi nimekisoma mara nyingi kuliko inavyohitajika kukisoma kibao chenye maneno sita, na kila nikikisoma natafuta kama kuna jina la tatu. Halipo. Na sababu ya kutokuwepo kwake ndiyo habari niliyokuja kuwapa.

Nilikutana na Walter mwezi wa Desemba mwaka wa 1992, katika ukumbi wa kanisa moja huku Saint Paul, kwenye soko la vitu vya mkono wanalofanya kabla ya Krismasi. Niliingia kwa sababu ya baridi. Nilikuwa nikisubiri basi, vidole vya miguu vimekufa, nikaona mlango wa kanisa uko wazi. Ndani kulikuwa na meza za soksi za sufu, mishumaa na keki, na mwisho kabisa, karibu na choo, mzee mwenye mikono mipana alikuwa ameketi mbele ya filimbi ishirini hivi zilizopangwa juu ya taulo. Hakuwa anamwita mtu yeyote. Aliokota moja akapuliza noti mbili tatu, akairudisha, akafuta mdomo.

Nyinyi mnajua mimi ni mtoto wa Tabaka. Baba yangu alichonga mawe laini tangu kabla sijazaliwa mpaka vumbi la mawe hayo lilipommaliza kifua. Nilipokuwa na umri wa kushika tupa, nilishika tupa, naye akaninyang'anya. Alisema mikono yangu itakuwa ya kalamu. Alinisomesha, nikawa mwalimu, nikaja Marekani, na hapa Marekani mikono ya kalamu ikawa ya kuogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Sijuti. Lakini nilipomwona mzee yule na filimbi zake, nilijua ninatazama nini. Bati lilikuwa limekunjwa likawa mwanzi, likalehemewa mgongoni kwa mstari mwembamba usioyumba hata mahali pamoja. Nikaichukua moja nikauliza, "Umeitengeneza kwa mashine gani?" Akaniinulia mikono miwili.

Nilinunua filimbi hiyo kwa kuipenda. Ya pili niliinunua kwa sababu sikujua njia nyingine ya kumrudia Walter. Nilipiga simu kwa namba iliyokuwa kwenye karatasi, nikasema nataka nyingine, akanielekeza hapa. Ya tatu vivyo hivyo. Ya nne vivyo hivyo. Susan alifungua droo ya soksi siku moja akazikuta zimelala safu, akaniuliza, "Baba Maureen, una midomo mingapi?" Kweli, nami sikuwa najua kupiga hata wimbo wa watoto. Sijui mpaka leo. Nilikuwa nanunua ruhusa ya kuketi.

Maana niliketi. Kila Jumapili niliyokuwa na nafasi, niliketi mle garejini juu ya ndoo ya rangi iliyofudikizwa, nikamtazama Walter akifanya kazi. Kwa miaka thelathini na tisa mtu huyu alikuwa fundi wa mabati, akipiga mifereji ya mapaa na mabomba ya hewa ya moto ya nyumba za mji huu, na alipostaafu mikono ilikataa kustaafu. Hukata bati, hulikunja juu ya chuma chembamba, hulilehemu, hutoboa matundu sita, huziba mdomo kwa kipande cha mti wa mwerezi. Na Lois? Msimwone amenyamaza hapo mkadhani alikuwa mpishi tu. Lois alipiga kinanda kanisani kwao maisha yake yote, na masikio yake ndiyo yaliyokuwa mizani ya kazi ile. Dirisha la jikoni linatazama gereji. Walter hupuliza, na Lois, mikono yake ikiwa kwenye viazi, husema kupitia dirishani, "Juu kidogo," au, "Tundu la tatu limelala," naye Walter hurudi kwenye tupa. Hata wakati wa theluji dirisha lile liliachwa wazi upana wa kidole.

Hawakuweza kulitamka jina langu. Wakaniita Nate. Nililipenda jina hilo kwa sababu lilikuwa la pale tu.

Baada ya mwaka Walter alinipa mkasi wa bati. Baada ya mwaka na nusu akanipa kulehemu. Kukabaki kitu kimoja. Chini kidogo ya mdomo wa filimbi kuna mkato mdogo, na ukingo wa chini wa mkato huo hunyanyuliwa na kunolewa kidogo, kiasi cha unene wa karatasi. Pumzi hugonga ukingo huo ikawa sauti. Walter aliuita ulimi. Ukikosea ulimi, una kipande cha bati. Ulimi sikupewa. Kila nilipouliza aliniambia, "Siku moja, Nate," na mimi, mwana wa mchonga mawe, nilisubiri siku hiyo kama mtu anayesubiri barua kutoka nyumbani.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 1995 shemeji yangu Dinah akaja kutoka Nyamira kusomea uuguzi. Alikaa kwetu, Minneapolis, kwenye kile chumba cha Maureen. Miezi miwili ya kwanza alikuwa hali vizuri, halali vizuri, akisoma huku akilia, na Susan akaniambia, "Mtoe huyu mtoto nyumbani. Mpeleke popote." Nikamleta hapa. Nasema tena, ndugu zangu, na Kendi utafsiri: mimi ndiye niliyemleta.

Walter alikuwa na ndoo ya filimbi zilizoharibika, alizokuwa akingoja kuziyeyusha apate lehemu yake. Dinah aliingiza mkono kwenye ndoo hiyo, kwa sababu hakutaka kugusa zilizo nzuri. Akatoa moja. Akapuliza, ikatoa sauti mbaya. Akaitazama. Akapuliza tena, safari hii tundu moja amelifunika nusu tu kwa ncha ya kidole, na sauti ikanyooka. Kisha akapiga wimbo ambao wanawake wa kwao huimba wakivuna wimbi, mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwenye filimbi ambayo mwenyewe aliyeitengeneza alikuwa ameitupa.

Bomba la maji jikoni lilifungwa. Lois akatoka na taulo mkononi. Akauliza, "Nani huyo?"

Walter akasema, "Ni shemeji yake Nate."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho Dinah alitambulishwa hivyo. Kuanzia Jumapili iliyofuata, mimi nilikuwa shemeji yake Dinah.

Mara yake ya tatu kufika, Walter alimpa kisu. Ya tatu, waungwana. Alisimama nyuma yake, akamshika kidole cha shahada, akakibonyeza kwenye ukingo wa bati ili ausikie mteremko wake, akamwambia, "Hapo. Umesikia?" Naye Dinah akasema amesikia. Mimi wakati huo nilikuwa na ufagio. Hakuna aliyenipa ufagio huo. Niliuchukua mwenyewe, kwa sababu nilihitaji kushika kitu.

Je, mmewahi kuona wivu wa mtu mzima? Hauna sura mbaya. Wangu ulikuwa na adabu. Ulisema karibu, ukasema hongera, ukala mkate wa tufaha wa Lois ukasema ni mtamu. Nilihesabu maneno. Nilijua Walter amemwambia Dinah "vizuri" mara ngapi na mimi mara ngapi. Tukirudi kwenye gari Dinah alikuwa anacheka na kupiga filimbi, na mimi nilikuwa naongeza sauti ya redio. Nilijiambia kwamba ni haki yangu kukasirika. Nani aliyemwona mzee kwanza? Nani aliyekalia ndoo miaka mitatu? Nani ambaye damu yake ni ya mafundi? Nilikuwa na hoja nyingi, na zote zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyoweza kutoa sauti kwenye bati.

Mnaikumbuka baridi ya Februari mwaka wa 1996. Hakuna aliyekuwa hapa anayeweza kuisahau. Jumapili moja ya mwezi huo Dinah alivaa koti akasimama mlangoni, akasema, "Shemeji, twende?" Nikamwambia betri ya gari imekufa. Haikuwa imekufa. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi nitapanda basi." Akapanda namba 16 pale University Avenue mpaka katikati ya Saint Paul, akashuka, akangoja jingine. Alirudi jioni, kope zimekuwa nyeupe kwa barafu, filimbi iko ndani ya glavu, anacheka. Wala hakuninunia. Nilikasirika zaidi kwa sababu hakuninunia. Betri ile, ndugu zangu, ilikufa Jumapili nyingi sana mwaka ule, na wiki ilipoanza ilifufuka nikaenda nayo kazini.

Haya ni madogo. Yangeishia hapo nisingewasimamisha juani.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, Walter alikuwa ameanza filimbi kubwa. Hakuwahi kutengeneza ya namna hiyo: ndefu kama mkono, yenye sauti nene, na ulimi wake ni wa aina nyingine kabisa. Alikuwa ameshaukunja na kuulehemu mwanzi wake, na alisema akiufikia ulimi atamwita Dinah amwonyeshe. Kabla hajaufikia, moyo wake ulimsumbua, akalazwa.

Alhamisi asubuhi simu ililia nyumbani. Nilikuwa peke yangu. Susan yuko kazini, Dinah yuko darasani. Alikuwa Lois. Akaniambia, "Nate, wanamfanyia Walter upasuaji kesho asubuhi. Ana filimbi ile hapa kitandani. Anataka Dinah aje leo. Anasema anataka kumwonyesha ule ulimi kabla hawajamgusa. Utamwambia?"

Nikasema, "Nitamwambia."

Niliandika kwenye karatasi iliyokuwa karibu na simu: "Dinah, nenda kwa Walter leo." Nikaitazama. Kisha nikaikunja, nikaitia kwenye mfuko wa shati, nikachukua funguo za gari, na nikaenda mimi.

Kendi, nakuona umenyamaza. Waambie. Wanalijua, lakini waambie.

Nilipoingia, Walter alitazama nyuma yangu, kwenye mlango. Alikuwa na mwanzi ule wa bati juu ya blanketi, na kisu alichokificha wauguzi wasikione. Akauliza, "Anaegesha gari?"

Nikasema, "Ana mtihani."

"Hauwezi kungoja?"

"Ni mkubwa."

Akakubali kwa kichwa. Aliheshimu sana masomo, kwa sababu yeye aliyaacha akiwa na miaka kumi na minne. Nami nikavuta kiti nikaketi, nikamwambia maneno niliyokuwa nimeyaandaa barabara nzima: "Nionyeshe mimi. Nitamwambia yeye."

Alinitazama muda mrefu. Sikuona hasira. Akasema, "Nate, umekuwa mwema kwangu. Lakini hiki hakisimuliwi. Lazima nishike kidole chake kwenye bati." Akaurudisha mwanzi kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo, akanipa niurudishe garejini kwake asije mtu akautupa.

Dinah aliporudi jioni nilimwambia Walter atapasuliwa kesho. Aliruka kuchukua koti. Nikamwambia hawaruhusu wageni. Huo ulikuwa uongo wa pili kwa siku moja, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza.

Upasuaji wa moyo ulifanikiwa. Lakini baada yake alipata kiharusi. Mkono wa kulia, ule uliokuwa unashika kisu, haujarudi hadi leo, kama mnavyomwona.

Dinah aliamua ataimaliza filimbi ile kubwa mwenyewe, kama zawadi kwa mzee. Hakuna aliyemwonyesha. Kwa kuogopa kuuharibu mwanzi wa Walter alijifunza kwenye vipande vingine, kule chini kwenye chumba cha kufulia nguo cha jengo letu, majira yote ya baridi. Chumba chetu kiko juu yake. Nilisikia kila jaribio. Pumzi, pumzi, mlio kama wa birika, kimya. Bati limetupwa. Pumzi tena. Mnaniuliza kama nilifurahi? Wiki ya kwanza nilifurahi. Nalisema hilo kwa sababu nimeambiwa niseme yote. Wiki ya pili niliacha kufurahi. Kufikia mwezi wa Machi nilikuwa naomba shifti za ziada ili nisiwe nyumbani, na karatasi ile ilikuwa bado mfukoni mwa shati nililoacha kulivaa.

Laiti ningeweza kuwaambia kwamba nilikiri. Sikukiri. Mwezi wa Aprili Susan alimwalika Lois chai. Tulikuwa wanne mezani. Lois, kwa upole wake, akamgeukia Dinah akamwambia, "Mwanangu, usijilaumu kwa siku ile. Walter alielewa. Mtihani ni mtihani."

Dinah akauliza, "Mtihani gani?"

Dinah alimtazama Lois, kisha akanitazama mimi, na sikuhitaji kusema neno, kwa sababu uso wangu ulikuwa umeshasema. Akamaliza chai yake. Akakiosha kikombe. Akampeleka Lois nyumbani kwa basi, aliporudi akafungasha nguo, na kabla ya wiki kwisha alikuwa amehamia kwa Kendi, Roseville. Susan hakunigombeza. Aliniambia sentensi moja tu, akiwa amenipa mgongo, "Mdogo wangu alikuja hapa na wewe ukiwa kama baba yake." Kisha tukaishi mwezi mzima tukizungumza kuhusu shule ya Maureen na nini kimeisha jikoni.

Mwezi wa Mei nikaja hapa kwa Walter. Nilimkuta amekaa garejini kwenye kiti cha magurudumu, amewekewa blanketi. Nikaketi nikamwambia yote, kuanzia betri. Maneno yake sasa hutoka kwa shida, moja moja, nami nilijifunza kungoja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa nini?"

Nikasema, "Nilitaka uniite mimi."

Akaunyanyua mkono wa kushoto akaionyesha ile ndoo ya rangi, akasema, "Miaka mitano... hakuna mwingine... aliyeikalia." Nililia mbele ya mzee wa watu kama mtoto, naye akaniacha nilie, na nilipomaliza akasema, "Mlete."

Nikaenda Roseville. Dinah alifungua mlango wa mbao, ule wa wavu akauacha umefungwa. Akaniuliza, "Umekuja kuomba msamaha?"

Nikamjibu, "Nimekuja kukuambia Walter anakuita. Ameniambia saa moja iliyopita."

Alisimama pale akinitazama kupitia wavu. Akasema, "Ningoje kwenye gari." Tukashuka na Snelling Avenue yote mpaka Saint Paul.

Tangu siku hiyo tulifanya kazi watu watatu. Walter alikuwa na mkono mmoja, nao aliutumia kushika kidole cha Dinah. Dinah alikuwa na kisu. Lakini mwanzi ule ni mrefu, unateleza, na ukitikisika kiasi cha unywele ulimi umeharibika, kwa hiyo alihitajika mtu wa kuushika kwa mikono miwili na kutulia kabisa. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Sikuona kitu, kwa sababu vichwa vyao viwili vilikuwa mbele yangu. Nilishika tu. Jumapili kumi na mbili nilishika, na wao walinong'ona pale mbele, "Hapo?" "Hapana... chini," na nawaambia ukweli, hata nikiwa nimeshika, hata baada ya machozi yote yale, wivu ulikuja ukaketi nami. Niliuacha uketi. Mikono sikuitikisa.

Mwezi wa Agosti, Dinah alipuliza. Sauti ilitoka nene, iliyotulia, ikajaa gereji nzima. Sote watatu tulitazama dirisha la jikoni. Lois alichelewa kusema. Kisha akasema, "Msiiguse tena." Walter akacheka, upande mmoja wa uso.

Ndugu wageni waalikwa, sasa nimsifu Dinah kama ratiba inavyotaka. Shemeji, una kipaji ambacho mimi ningetoa chochote nikipate, na unacho bila kukitafuta. Una subira ambayo haikutoka kwa Walter wala kwa chuo. Ulipanda mabasi mawili kwenye baridi inayoua ndege, kwa sababu yangu, na siku ya leo ungeweza kumpa neno hili mtu yeyote katika ua huu, ukanipa mimi. Walter, Lois, niliwachukulieni kitu ambacho hakirudishiki: Alhamisi moja, na mkono uliokuwa bado mzima. Nimewaomba msamaha ndani ya nyumba yenu. Leo nauomba mbele ya watu wangu, kwa lugha yangu, na Kendi ndiye shahidi wa tafsiri.

Msidhani nimepona. Asubuhi hii Walter aliletwa uani, Dinah akaja kutoka upande ule na sinia la vikombe, na uso wa mzee ukawaka. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye zaidi. Niliona, na wivu ukanichoma tena. Tofauti ni kwamba nilichukua sinia nikamsaidia kugawa.

Watu huniuliza kama Dinah amenisamehe. Hajaniambia hivyo, nami sijamwuliza, kwa sababu sina haki ya kumharakisha. Ninachojua ni hiki: jana tulipokuwa tunapanga viti hivi, aliniambia kuna mabati mapya yanakuja Jumatano, nayo ni mazito. Nikamwambia Jumatano sina kazi. Akaendelea kufungua viti, kimoja, cha pili, cha tatu, bila kuinua macho. Kisha akasema, "Njoo mapema."

Mchungaji, Mwenyekiti, wenyeji wetu, ndugu zangu wote: mmenivumilia juani muda mrefu kuliko niliopewa, na mmenisikia mpaka mwisho. Nawashukuruni.